Kabla hujalikata trekta katikati: dalili za klachi na giaboksi kwenye Massey Ferguson za zamani

Kulitenganisha trekta, yaani kulikata, ili kuifikia klachi si kazi ya miujiza. Watu wawili wenye jeki, stendi na sakafu iliyonyooka wanaweza kuiweka injini mbele na giaboksi nyuma kabla ya chakula cha mchana. Kinachouma ni kulirudisha, na kinachouma zaidi ni kulirudisha halafu ugonjwa ukawa uleule. Nimeshakuta trekta limekatwa uani, wiki ya pili sasa, boneti imeegemea ukuta na kuku wanalala juu yake, kumbe kosa lilikuwa pini ya pedali iliyolika.

Nazungumzia Massey Ferguson za mtindo wa zamani zenye injini ya Perkins: 135, 165, 240, 265, 290. Ndizo nilizozishika zaidi. Matrekta haya hayana chesisi. Injini imefungwa kwenye giaboksi, giaboksi kwenye nyumba ya difu (gia za ekseli ya nyuma), na vipande hivyo vyenyewe ndio uti wa mgongo. Ndiyo maana huwezi kushusha giaboksi peke yake kama ya gari.

Viungo vya kukata ni viwili. Cha mbele, kati ya injini na giaboksi, kinakupa klachi, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini). Cha nyuma, kati ya giaboksi na nyumba ya difu, kinakupa gia za kubadili spidi kubwa na ndogo pamoja na maungio ya shafti zinazokwenda nyuma. Ukikata cha mbele, oili ya giaboksi inabaki ndani. Ukikata cha nyuma lazima uimwage yote, na kwa kuwa giaboksi, difu na haidroliki (mfumo wa kunyanyua zana) zinatumia oili moja, dumu la lita 20 peke yake halitatosha.

Injini inapanda sauti, trekta halivuti

Unalima, plau linazama, injini inalia kwa nguvu lakini matairi yanapunguza mwendo. Pengine na harufu ya kuungua. Klachi inateleza.

Sababu ya kwanza kabisa ni pedali isiyo na mchezo. Izime injini, ibonyeze pedali kwa mkono. Inatakiwa itembee kidogo bila uzito wowote kabla hujahisi springi. Kama inakuwa nzito pale pale unapoigusa, beringi inaegemea klachi muda wote na klachi haifungi yote. Rekebisha fimbo ya chini ya pedali kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta lako, kisha ujaribu tena. Dakika kumi na spana mbili. Na muulize dereva mguu wake anauweka wapi akilima. Kuna madereva wanaofanya pedali ya klachi kuwa mahali pa kupumzishia mguu, na hao humaliza klachi mpya ndani ya msimu mmoja.

Ya pili ni oili. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo, mara nyingi limeziba kwa tope. Lizibue, ufute, ulitazame kesho yake. Tone jeusi na jepesi ni la injini, maana yake sili ya nyuma ya krenki imechoka. Tone la rangi ya asali, lenye harufu nzito, linatoka kwenye giaboksi kupitia sili ya shafti ya mbele. Usipuuze kazi hii ya tundu. Inakuambia ununue sili ipi kabla hujakata, na mahali ambapo duka la spea liko saa tatu kwa basi, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni klachi yenyewe kuisha, au springi za presha pleti (sahani inayoibana klachi kwenye flaiwili) kulegea kwa joto. Kuhakikisha: uwanja tambarare, hakuna mtu mbele wala nyuma, pedali za breki zimefungwa pamoja na umezikanyaga, weka gia kubwa, injini taratibu, achia klachi polepole. Injini ikizimika, klachi inashika. Ikiendelea kulia huku trekta limesimama, imekwisha, na hapo kweli ni kukata kiungo cha mbele. Fanya jaribio hili mara moja tu, kila ukirudia unaichoma zaidi.

Gia zinalia zikiingia, au haziingii kabisa

Hapa kinyume chake: klachi haiachii.

Anza chini ya pedali. Tope lililokauka au mkeka wa raba ulioviringika unaweza kuizuia pedali isifike mwisho. Kisha angalia kama mchezo umezidi, pini zilizolika, na shafti inayopita ndani ya nyumba ya klachi. Mwambie mtu akanyage pedali huku wewe unatazama pembeni: kama mkono wa nje unatembea lakini shafti haigeuki sawasawa nao, kuna pini au kabari iliyokatika, na mengi ya makosa haya yanatengenezeka kwa nje.

Kama trekta lilikaa muda mrefu, tuseme masika yote chini ya mti, sababu kubwa ni kutu. Klachi imegandamana na flaiwili. Usikimbilie kukata. Washa injini gia ikiwa nyutro uiache ipate moto sawasawa, izime, kanyaga pedali mpaka mwisho uifunge kwa kipande cha mbao hadi kesho. Mara nyingi inaachia yenyewe. Isipoachia, peleka trekta uwanja mpana usio na watu wala ukuta, bila plau wala tela, liwashe likiwa tayari kwenye gia ya mwendo wa juu kidogo, liache litembee, pedali umeikanyaga chini, uguse breki zote mbili kwa pamoja kwa vipindi vifupi. Kumbuka kwamba hapo trekta haliwezi kusimama kwa klachi. Kidole kiwe tayari kwenye kizimio. Kama huna uwanja wa namna hiyo, acha.

Matrekta mengi ya aina hii yana klachi ya hatua mbili: nusu ya kwanza ya pedali inasimamisha mwendo, ukifika chini kabisa inasimama PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine). Kwa hiyo ukiona gia za mwendo zinaingia vizuri lakini PTO inalia ikiingia, hatua ya pili haifikiwi. Kwanza angalia tena pini na mchezo wa pedali. Bolti za kurekebisha hatua hiyo ziko ndani kwenye klachi yenyewe.

Sababu za ndani zinazobaki ni klachi iliyopinda, vidole vya presha pleti vilivyovunjika, na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama inayozungusha shafti hata ukikanyaga. Zote zinataka kukatwa.

Kelele

Sikiliza injini ikiwa taratibu, gia nyutro.

Ukikanyaga pedali kelele inaanza, ukiachia inapotea: beringi ya klachi, mara chache beringi ya katikati ya flaiwili. Kwa muda unaweza kuendelea na kazi, lakini ikivunjika inakula vidole vya presha pleti, na hapo umenunua viwili badala ya kimoja.

Kinyume chake, kelele ipo pedali ikiwa juu na inanyamaza ukikanyaga: beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Si klachi. Wengi wanakata, wanabadili klachi nzima, wanafunga, kelele iko palepale.

Na kuna kugonga kuzito kama chuma cha reli, watu wanadhani ni injini imekufa. Kama mlio unabadilika ukigusa klachi, huenda bolti za flaiwili zimelegea. Zima papo hapo. Usilitembeze hata kulifikisha kivulini. Flaiwili ikichomoka, nyumba ya klachi haiwezi kuizuia, na miguu ya dereva iko palepale juu yake.

Mikono ya haidroliki hainyanyuki, PTO haizunguki, lakini trekta linatembea

Hili linawachanganya hata mafundi wa magari. Kwenye matrekta haya pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ya PTO. Mkono wa PTO ukiwa nyutro, kwa baadhi yake haidroliki huenda isifanye kazi. Nilimfuata mzee mmoja kilomita nyingi kwa pikipiki, kabeba kichwani kwamba pampu imekufa. Nikamuuliza, "Mzee, mkono huu wa kushoto nani aliusogeza?" Mjukuu wake alikuwa akichezea trekta jioni ya jana.

Ukiwa umeingia na bado kimya, pima oili kwanza. Ikiwa ipo na shafti ya PTO nyuma haizunguki kabisa, kuna mawili: pleti ya PTO kwenye klachi imekwisha, au maungio ya shafti ndani yamekatika. Kama PTO inazunguka bila mzigo lakini ukifunga mashine inasimama, ni pleti. Hiyo ni kiungo cha mbele. Kama PTO inazunguka kwa nguvu zote na mikono tu ndiyo hainyanyuki, usiguse kiungo chochote cha katikati: tatizo ni haidroliki, na pampu hutolewa kwa juu baada ya kunyanyua kifuniko kilicho chini ya kiti.

Gia inaruka

Fungua kifuniko cha juu cha giaboksi pale mkono wa gia unapoingia. Tazama springi na gololi zinazoshikilia reli za gia, na uma zake kama zimelika. Springi iliyochoka ndiyo sababu ya kawaida na inabadilishwa kwa juu. Ikiwa meno ya gia yenyewe yamekuwa mviringo, fungua mfuko wako.

Ukiwa hapo tazama rangi ya oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mlango wake mara nyingi ni ile raba ya mkono wa gia iliyopasuka. Badili raba kabla ya oili.

Injini inawaka, gia inaingia, haliendi

Angalia mkono mdogo wa spidi kubwa na ndogo. Una nyutro yake katikati, na ukilika unaweza kukaa hapo huku kwa macho unaonekana uko mahali pake. Usicheke, ndiyo sababu ya kwanza.

Halafu jaribu kufuli la difu. Trekta likiwa limesimama, weka kufuli, achia klachi polepole. Likitembea sasa wakati mwanzo lilikataa, shafti ya tairi moja imekatika. Hiyo inatolewa kwa pembeni pamoja na ekseli, bila kukata trekta. Hapa ndipo nimeona jasho likimwagika bure kuliko mahali pengine.

Kufuli lisiposaidia, na PTO inafanya kazi, ama katikati ya klachi pamechanika rivetii zake, ama kuna kilichokatika kwenye giaboksi au difu. Dalili ya klachi iliyochanika ni kwamba gia huingia kimya kabisa, laini kuliko ilivyowahi kuwa, kwa sababu hakuna kinachoizungusha shafti. Ikiwa badala yake kuna mlio wa kusaga unaotoka chini ya kiti, mwaga oili kidogo kupitia kizibo cha chini. Unga wa chuma unaong'aa ni wa kawaida kwa trekta la umri huu. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno. Simama hapo. Krauni na pinioni, gia mbili kuu za difu, hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba) na kupimwa kwa saa ya fundi (geji ya mshale), si kwa jicho. Ukizifunga kwa kubahatisha, seti mpya inalia siku ya kwanza na kuvunjika kabla ya mavuno.

Ukishaamua kukata kiungo cha mbele

Jambo moja linaua watu, nalo ni ekseli ya mbele. Inaning'inia kwenye pini moja ya katikati ili tairi zifuate mabonde ya shamba. Injini inasimama wima kwa sababu tu giaboksi imeishikilia. Ukishazitenganisha, injini inaweza kupinduka kulia au kushoto kama mlevi. Pigilia kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na kitako cha injini, pande zote mbili, kabla ya kulegeza bolti hata moja. Toa pia vyuma vya uzito vya mbele.

Sakafu iwe ya zege. Kama ni udongo, tandaza mbao nene au vyuma vya U ili jeki isizame ukiwa katikati ya kazi. Weka vizuizi mbele na nyuma ya matairi makubwa. Nyuma haitembei, mbele ndiyo inayovutwa. Giaboksi ikae juu ya stendi za chuma au vigogo vilivyopangwa kwa kupishana. Injini ishikwe na jeki ya magurudumu chini ya sampu (bakuli la oili la injini), na ubao kati yao. Matofali na bloku za saruji hazifai: hazipindi, zinapasuka kwa mara moja. Cheni bloku kwenye tawi la mwembe pia niliiona, na tawi halikutoa taarifa.

Toa waya wa betri, funga dizeli, ondoa boneti, mirija, nyaya, fimbo za stelingi na za mafuta. Piga picha kila kitu kwa simu kabla ya kukifungua. Halafu bolti za mzunguko. Ukiona pengo haliongezeki usawa juu na chini, kipande kimoja kimeinama. Rekebisha jeki. Usichomeke nondo ukabandua.

Vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Klachi za zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake linabaki kwenye mapafu. Lilowanishe, ufute kwa kitambaa, ukitupe.

Ukiwa ndani, badilisha vidogo vyote hata vikionekana vizima: beringi ya klachi, beringi ya katikati, sili ya shafti ya giaboksi, na sili ya krenki kama tundu lilikuonyesha jeusi. Perkins nyingi za silinda tatu za zamani zina sili ya kamba ya vipande viwili. Inataka utulivu wa kuipanga, kwa hiyo kama hujawahi, mwite aliyewahi. Flaiwili yenye madoa ya bluu au nyufa nyembamba ipelekwe kwa mchonga vyuma. Vidole vya klachi vipimwe viwe usawa mmoja, na hatua ya PTO irekebishwe sasa. Ufa wowote kwenye nyumba ya klachi ni kazi ya mtu anayejua kuchomelea chuma cha kalibu. Welding ya kawaida ya mlangoni itapasuka tena.

Weka alama upande wa klachi unaotazama flaiwili kabla ya kuitoa. Ukiigeuza, utafunga kila kitu na haitaachia.

Kurudisha

Tafuta bolti mbili ndefu, kata vichwa, zifunge kwenye matundu ya pembeni ziwe reli za kuongoza. Panga klachi katikati kwa shafti ya kupangia, hata ya mbao iliyochongwa vizuri. Grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti. Ikizidi inarushwa kwenye klachi mpya.

Sogeza kipande cha mbele kwa upana wa vidole vichache kwa wakati. Shafti za kuingia ni mbili, moja ndani ya nyingine. Ya PTO ikigoma, ingiza mkono wa PTO na uzungushe shafti ya nyuma kwa mkono. Ya mwendo ikigoma, weka gia na ugeuze krenki polepole kwa mbele. Huyu anageuza, yule anasukuma, mtasikia inaingia.

Pengo likibaki la upana wa kidole, kishawishi ni kukaza bolti zivute. Niliwahi kukaza. Sikio la nyumba ya klachi lilikatika kwa mlio mkavu, na trekta likakaa mwezi mzima tukitafuta nyingine iliyotumika. Nyuso mbili za chuma zigusane kwa kusukuma tu, ndipo bolti zikazwe, kwa kupishana, kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Haziingii? Rudisha nyuma, tazama tena.

Kabari za ekseli zitoke mwisho kabisa, na zihesabu. Washa gia ikiwa nyutro, jaribu pedali hatua ya kwanza, ya pili, PTO, halafu mwendo mdogo uwanjani. Siku mbili za mwanzo fanya kazi nyepesi, tela tupu au haro, si plau. Baada ya hapo pima tena mchezo wa pedali, maana klachi mpya inakaa na mchezo unapungua, pitisha spana kwenye bolti zote, kisha ulale chini utazame lile tundu kama limekauka.